Macho ya Annis

Whitby, 4 Novemba 1867

Mdogo wangu Lionel,

Pokea salamu zangu, umfikishie na wifi yangu Millicent, na watoto wote watatu. Huku tupo. Shemeji yako hana nafasi hata ya kula, kwa sababu wajane wa Uingereza nzima wanataka pini za kifuani na mikufu ya jiwe jeusi la Whitby, na mafundi wake wanarudi makwao na vumbi jeusi hadi kwenye kope. Mimi pia nimevaa pini moja sasa. Aliichonga mwenyewe, akaniwekea mezani. Yaya Tindale magoti yanamsumbua, lakini ulimi wake mzima kabisa.

Nimekutumia sanduku kwa treni. Ndani yake utakuta gauni la buluu la mwanangu Annis, viatu vyake, shada la nywele lililofungwa kwa uzi, na sura yake ya plasta ambayo fundi alikuja kuinakili usoni mwake mwezi wa Agosti. Picha ya kamera iko moja tu, nayo alitikisa kichwa, uso umekuwa ukungu. Haina maana kukutumia.

Nataka umchore. Awe amesimama, macho wazi, anamtazama anayemtazama. Sitaki malaika, wala maua ya makaburini, wala mtoto aliyelala. Picha ifike kabla ya tarehe 2 Machi, siku anayotimiza miaka saba.

Nilikushika mkono kwenye mazishi ya mama, wewe una miaka minne na mimi kumi na tano, na sikuuachia mpaka ulipokwenda London kusomea kazi yako. Tangu siku hiyo sijakuomba kitu. Sasa naomba.

Dada yako,
Susannah Garbutt


Chelsea, London, 19 Novemba 1867

Dada yangu mpendwa,

Asante kwa barua, na asante kwa salamu. Hugh ameng'oka jino la mbele na anapiga mluzi kama mlevi. Barnaby anakula tu. Clemmie ameanza kusoma kwa sauti, kila tangazo analoliona barabarani, hadi matangazo ya dawa za tumbo mbele ya kasisi. Millicent anakusalimu.

Sanduku limefika salama. Nililifungulia sebuleni, nikakosea. Millicent aliingia na birika la chai, akaiona ile sura ya plasta juu ya kochi, akasema, "Lionel, umenihamishia makaburi ndani?" Nimelipeleka juu kwenye chumba cha kuchorea. Usimchukulie vibaya, dada. Hana roho mbaya, ni mwoga tu wa mambo haya.

Nitamchora Annis. Hata usingeniomba ningetaka kumchora. Pua ninayo, midomo ninayo, paji la uso ninalo, rangi ya nywele ninayo. Lakini plasta ina macho yaliyofumba, dada. Naomba uniambie yalikuwa ya rangi gani.

Naona aibu kuuliza. Mjomba mtu, tena mchoraji, na nilikuja Whitby mara moja tu, siku ya ubatizo, na watoto wachanga wote wana macho ya rangi moja, kama vigae vya paa. Kila mwaka nilisema mwaka ujao. Sina la kujitetea.

Nijibu upesi, maana rangi ya mafuta haikauki kwa kuharakishwa.

Mdogo wako,
Lionel Rudd


Whitby, 20 Desemba 1867

Mdogo wangu,

Heri ya Krismasi kwenu nyote. Hapa hatutapamba, ila Yaya Tindale ameoka keki bila kuniuliza, na nyumba yote inanuka mdalasini. Shemeji yako alikula vipande viwili akiwa amesimama, kama mtu aliyekuja kutengeneza bomba.

Utakapochora mikono, kumbuka kwamba Annis hukunja kidole gumba ndani ya ngumi akiwa na aibu. Bega lake la kushoto hushuka kidogo. Kola ya gauni isikae sawa, maana yeye huivuta akiwa anafikiri.

Clemmie wako amefikia kimo gani? Yeye na Annis wamepishana miezi miwili tu. Ana mashavu ya kwetu au ya kina Millicent? Anapenda bahari? Hukuniambia.

Kuhusu lile uliloniuliza, wewe anza na mengine. Mkono wako unajua kazi.

Dada yako,
Susannah


Chelsea, 14 Januari 1868

Dada,

Heri ya mwaka mpya. Sisi wazima, isipokuwa mimi nina mafua, na Hugh ameng'oka jino la pili, kwa hiyo mluzi umekuwa wa sauti mbili. Clemmie ni mrefu kwa umri wake. Mashavu ni ya kwetu.

Picha inakwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Gauni limekubali, na kile kidole gumba kilichokunjwa nimekiweka. Gauni halisimami lenyewe, kwa hiyo kuna mtoto wa hapa mtaani anakuja kulivaa na kukaa mbele yangu. Ni mtulivu. Millicent hapendi. Anasema nguo ya marehemu havalishwi aliye hai, na kwamba mfiwa akimwona mtu hai ndani ya nguo ile atamtaka. Ninamwambia hayo ni maneno ya vikongwe. Anasema vikongwe wamezika wengi kuliko mimi.

Nilimwandikia shemeji karakana kumuuliza rangi ya macho. Alinijibu mstari mmoja: "Susannah amenikataza kusema." Dada, kwa nini? Ni neno moja tu ninalolitaka. Buluu, kijivu, kahawia, kijani. Nimebakiza macho tu, na hazijabaki hata wiki saba.

Lionel


Chelsea, 17 Februari 1868

Dada,

Mwezi umepita bila barua yako. Natumai si ugonjwa.

Picha nimeimaliza. Nisingeweza kungoja zaidi, maana inatakiwa kukauka kabla ya kusafirishwa. Macho nimeyachora kwa kubuni. Inaondoka kesho kwa treni ya mizigo, imefungwa kwa blanketi mbili.

Mdogo wako


Whitby, 6 Machi 1868

Mdogo wangu, mtoto wangu wa kwanza,

Mungu akulipe, maana mimi siwezi. Ilifika tarehe 1. Shemeji yako alivunja sanduku kwa mikono yake, akatoa blanketi, akaketi chini sakafuni. Mpishi alilia hadi akaunguza mchuzi. Ni yeye, Lionel. Kidole gumba, bega, kola. Nimemtundika sebuleni mkabala na kiti changu, na kila asubuhi tunakunywa chai pamoja.

Yaya Tindale peke yake hakuisifu. Alisimama mbele ya picha muda mrefu, akavua aproni, akaikunja. Nikamuuliza, "Yaya, humjui mtoto uliyemlea?" Akajibu, "Nimfahamu vipi, mama, wakati yeye mwenyewe hanifahamu?" Juzi ameondoka kwenda kwa mdogo wake Staithes. Magoti, anasema.

Sasa nina swali. Nimekaa karibu na picha kwa siku tano, kwa kioo cha kukuzia cha shemeji yako, kile anachotumia kuchongea. Katika kila jicho umeweka nukta ya mwanga. Nukta ile si duara. Ni dirisha. Nimehesabu vioo vyake kumi na viwili, na juu limelala kama paa. Nyumba hii haina dirisha la namna hiyo. Wewe ndiye uliye nalo, uliniandikia ulipohamia hapo, ukajisifu ukurasa mzima.

Macho ya kubuni hayaakisi dirisha, mdogo wangu. Yule mtoto aliketi mbele yako na ulimtazama machoni. Ni nani?

Dada yako,
Susannah


Chelsea, 30 Machi 1868

Dada mpendwa,

Salamu nyingi. Nimechelewa kujibu na sitasingizia posta. Nimeandika barua hii mara nne.

Ni Clemmie. Mwanzoni alivaa gauni tu ili nipate mikunjo ya kitambaa. Kisha mikono. Kisha Februari ikanikaba, nawe umenyamaza, na yeye yupo pale mbele yangu na mashavu ya kwetu, anatazama. Mchoraji akishaona nukta ya mwanga ndani ya jicho huichora kabla hajafikiri. Ndivyo tulivyofundishwa, kuchora kilichopo na kuacha tunachokijua. Sikulitambua lile dirisha mpaka nilipoisoma barua yako.

Nilikudanganya, na nilimdanganya Millicent, maana nilimwahidi uso wa mtoto wetu hautaingia. Naomba radhi kwenu wote wawili.

Nirudishie picha, niyafute macho niyachore upya. Ila nambie rangi. Sasa unaona mwenyewe kwa nini nilikuwa nauliza.

Lionel


Whitby, 3 Aprili 1868

Mdogo wangu,

Umesamehewa kabla hujaomba. Picha sirudishi.

Sikiliza. Hewa ya London ni moshi mtupu, na Clemmie anakua humo kama mboga chini ya ndoo. Hapa kuna bahari, kuna bustani, kuna chumba kinachotazama mashariki ambacho nimekwisha kukipaka rangi mpya. Vitabu vipo. Nguo zipo, na kama ni mrefu nitashusha pindo. Wewe una wengine wawili. Kulea mtoto wa ndugu si jambo geni kwetu, maana shangazi Prudence alilelewa na shangazi yake kule Malton, hakuna aliyelia. Na mimi nilikulea wewe nikiwa mtoto mwenyewe.

Siombi awe wangu kabisa. Naomba akae. Mtamwona Krismasi.

Nitakuja kumchukua mwenyewe tarehe 12 Mei. Mwambie Millicent asihangaike na sanduku la nguo, kila kitu kiko tayari.

Usiniambie kwamba haiwezekani. Ulikwisha kumleta hapa. Yuko ukutani kwangu, ananitazama.

Susannah


Chelsea, 20 Aprili 1868

Dada,

Salamu. Watoto wazima wa mwili.

Millicent hakusema nami kwa siku sita, isipokuwa mezani. Jana alivunja kimya. Alisema, "Nilikuonya kwa maneno ya vikongwe, ukacheka. Dada yako akikanyaga kizingiti hiki tarehe 12, mimi na wanangu tutakuwa kwa baba yangu, na wewe utabaki na madirisha yako."

Nilikuwa nimeamua kukuandikia barua ya upole. Nilishaianza. Nilitaka kusema labda majira ya joto, labda wiki mbili, labda mwakani. Unanijua, mimi ni mtu wa mwaka ujao. Nina deni la utoto wangu wote kwako, na kila ninapotaka kukuambia hapana nauona mkono wako pale kaburini. Kisha jana jioni jambo likatokea.

Millicent alimwita Clemmie kuja kula. Akaita mara tatu. Mtoto yupo ngazini, anasikia, hajibu. Nikamfuata. Nikamuuliza, "Wewe Clemmie, umekuwa kiziwi?" Akasema, "Siyo, baba. Najizoeza kutoitika." "Kujizoeza kwa nini?" Akatoa barua mfukoni mwa gauni. Barua yako. Ulimtumia kupitia kwa mwalimu wake wa piano, tusijue. Haina ukingo mweusi wa karatasi za msiba. Miezi minane tu, dada, na umekwisha kurudi kwenye karatasi nyeupe. Imeanza hivi: "Annis wangu mdogo, chumba chako kiko tayari."

Clemmie akaniambia, "Shangazi ananiita Annis. Nilidhani nikienda kule nitakuwa Annis. Sasa nani atakuwa mimi?"

Millicent alikuwa nyuma yangu, amesikia yote. Aliketi ngazini akampakata mtoto kama wa mwaka mmoja.

Kwa hiyo nakujibu leo, na si mwaka ujao. Clemmie haji. Ukifika tarehe 12 nitakupokea stesheni, nitakula nawe, na nitakupandisha treni ya kurudi. Mlango wangu hutauingia mpaka ujibu swali ninaloliuliza tangu Novemba. Annis alikuwa na macho ya rangi gani? Ukishaweza kuniambia hilo, tutaweza kuzungumza juu ya mtoto mwingine yeyote.

Nimeandika haya, na nakupenda.

Lionel


Whitby, 9 Mei 1868

Mdogo wangu Lionel,

Salamu kwako na kwa wifi yangu. Mpe kwanza yeye kabla hujasoma mengine.

Nilipopata barua yako niliitupa kwenye kisanduku cha makaa. Shemeji yako akaitoa, akaifuta vumbi, akaisoma kwa sauti mbele yangu, mtu ambaye tangu Agosti hasemi zaidi ya "asante" na "funga mlango". Alipofika pale pa ngazini aliyasoma maneno ya mtoto mara mbili. Kisha akaniambia, "Susannah, mjibu ndugu yako." Nikasema nitajibu. Nikakaa na kalamu. Nikafumba macho ili nimwone mwanangu.

Nilimwona Clemmie.

Nilijaribu tena. Kahawia, na dirisha ndani yake. Nilikwenda kwenye picha, nikaigeuza ukutani, nikafumba macho tena. Kahawia. Lionel, hukuelewa kwa nini nilinyamaza, nami sikukueleza. Mwanzoni nilikuwa nayajua. Nilikuwa nayajua kama ninavyojua njia ya jikoni gizani. Sikutaka kuyasema kwa sababu ungeyachora, na ungeyachora picha ingekwisha, na picha ya mtu huisha akiwa hana cha kuongeza. Niliyaficha kwako ili yabaki yangu. Sasa sikuwa nayo. Nilikuwa nimeyabadilisha kwa ya mtoto wa mwenzangu, kwa kuyatazama kila asubuhi na kikombe cha chai.

Sikumuuliza shemeji yako. Niliona aibu. Nilikodi gari la farasi nikaenda Staithes kwa Yaya Tindale. Nilimkuta anamenya viazi mlangoni. Hakuinuka. Nikasimama mbele yake na pini yangu ya jiwe jeusi na kofia yangu nzuri, nikamuuliza mwanangu alikuwa na macho ya rangi gani. Unajua ulimi wake. Nilingoja anichane.

Alisema, "Kaa hapa, mama." Akasogea kwenye benchi. "Ya kijivu. Kijivu cha mvua ya asubuhi. Na la kushoto, chini, lilikuwa na doa dogo la rangi ya chai, ukimwogesha ndiyo unaliona, maana alikuwa anaikodolea macho sabuni isimwingie."

Nikaliona. Palepale, Lionel, kwenye maganda ya viazi. Alikuwa ndani ya beseni, ananikasirikia kwa sababu ya sabuni. Nikalia. Sikuwa nimelia, wala siku ile, wala kanisani, watu wakanisifu kwa uvumilivu. Yaya alinishika kichwa huku akimwambia mdogo wake aweke sufuria motoni.

Hilo ndilo jibu lako. Kijivu, na doa la chai katika la kushoto.

Sitakuja tarehe 12. Chumba kile nimempa Yaya Tindale, kina jua na magoti yake yanahitaji jua. Ameniambia atarudi kwa sharti kwamba nisimwite kila saa. Picha naomba usiifuate, na mimi sitaituma. Njoo wewe, peke yako, na rangi zako, mwaka huu na si mwaka ujao. Utafuta yale macho na utachora haya mbele yangu, nikikuelekeza, hata kama nitaona uchungu.

Mwambie Millicent vikongwe walikuwa sahihi, na kwamba sitamwomba anisamehe kwa barua. Nitamwomba kwa mdomo, siku atakayonikaribisha yeye mwenyewe.

Ndani ya bahasha hii kuna karatasi ndogo ya Clemmie. Isomeni kwanza ninyi, kisha mpeni. Sijaituma kwa mwalimu wa piano.

Dada yako,
Susannah


Clementina Rudd mpendwa,

Katika barua niliyokuandikia nilikuita kwa jina ambalo si lako. Nilikosea, na mtu mzima akikosea anapaswa kusema. Wewe ni Clementina, una miaka saba, na mama yako anaitwa Millicent. Akikuita, itika.

Mimi nilikuwa na binti. Alikuwa binamu yako. Aliitwa Annis, na amekufa.

Shangazi yako,
Susannah Garbutt